Macho Yanayofia Kwenye Maziwa

Jumatatu, 3 Machi. Lodwar

Ejore, bosi wetu wa matengenezo, ameniambia niandike kila kitu kuhusu macho ya Kakuma. Ya ofisi nitaandika kwa Kiingereza kwenye kompyuta, na nitayapamba. Haya naandika hapa, kwenye daftari lililobaki la kurekodi dizeli, kwa sababu nimechoka kubishana na watu kichwani.

Jambo lenyewe ni hili. Kampuni ina mashine moja ya kukereza chuma, iko Kakuma, na ndiyo inayotengeneza shafti, zile fimbo za chuma zinazozungusha pampu, za visima vya huko kote. Chuma kinapokatwa humwagiwa maji yaliyochanganywa na mafuta ili kisiungue. Mchanganyiko ule ni mweupe, basi karakana nzima inauita maziwa. Ndani ya mashine, katikati ya hayo maziwa, kuna kihisi, kidude cha urefu wa kidole chenye waya mkiani, kinachoiambia mashine kwamba chuma kimeshikwa sawasawa. Hicho tunakiita jicho. Jicho likifa, mashine inagoma. Tangu Desemba yamekufa mawili. Nimetumwa nichague jicho lisilokufa kabla mvua hazijajaza visima matope na pampu kuanza kutafuna shafti.

Nina diploma na miaka tisa kazini. Sioni kwa nini ichukue zaidi ya wiki mbili.

Jumanne, 4 Machi

Joto nyuzi thelathini na tisa. Hakuna kingine.

Alhamisi, 6 Machi. Kakuma

Nimekutana na Majak, mwendesha mashine. Ni mkimbizi wa Bor, umri wa miaka hamsini hivi, mrefu hata anainama mlangoni. Kwao alikuwa fundi wa boti za mtoni. Hapa kambini ana miaka kumi na moja, na ile mashine anaijua kwa sauti.

"Ejok, Mzee Majak," nikamsalimu.

"Ejok-noi, Injinia. Umekuja angalia jicho?"

"Nimekuja kuliangalia kabla halijafa."

"Angalia tu. Lakini hii maziwa nanuka. Jumapili sisi naenda kanisa, mashine nalala. Jumatatu nafungua, harufu napiga uso, inzi najaa. Wewe andika hiyo."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya macho, na mashine si jiko ijali harufu. Akacheka kwa adabu, akarudi kazini. Nimepima, nimepiga picha. Rafuni kwake kuna chupa ya petroli. Nimeiandika.

Jumanne, 11 Machi. Lodwar

Wamepiga simu kutoka Kakuma. Jicho la tatu limekufa. Waya umekuwa mgumu na umepasuka, na maziwa yameingia ndani.

Nina aina tatu mezani. La kwanza lina uso wa plastiki, ndilo hilo linalokufa. La pili lina mwili wa shaba iliyopakwa nikeli na waya wa plastiki ya namna inayostahimili mafuta. La tatu ni chuma cha pua mwili mzima, hata usoni, na waya wake umevikwa kitu kile kile kinachopakwa kwenye sufuria zisizogandisha. Bei ya la tatu ni mara nne ya la pili. Muuzaji wa Nairobi ananiambia namba ya la pili ya kuzuia maji ni sitini na saba, haliingii maji kabisa. Namba hiyo inasema habari za maji tu. Haisemi ndani ya maji kuna nini. Hilo nalijua, ndiyo maana sikumwamini, nikaamua kujaribu mwenyewe.

Nimekata vipande vya waya wa kila aina, nikavitia kwenye makopo ya siagi ya karanga, nikajaza maziwa niliyochanganya mwenyewe kwa maji ya bomba na kipimo sahihi. Makopo nimeyapanga dirishani panapopigwa na jua.

Alhamisi, 13 Machi. Kakuma

Nimefunga jicho la pili, lile la shaba. Majak alinishikia taa. Mikono yake ni safi kuliko yangu, na kwa mtu wa karakana hilo ni la kushangaza. Nilimwambia namna ya kulisafisha: kitambaa kikavu, basi. Akaitikia.

Jumapili, 16 Machi

Eliye Springs na akina dada wa ofisini. Upepo, mchanga, samaki wa kukaanga. Nimerudi nimechomwa pua na jua.

Jumatatu, 24 Machi. Lodwar

Mvua ya kwanza. Harufu ya vumbi lililolowa imejaa ofisini, na kila mtu alitoka nje kusimama kama mtoto. Makopo dirishani: waya zote nzima.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Mto Kawalase umefurika. Kakuma wanaagiza shafti sita.

Alhamisi, 3 Aprili

Jicho la nne limekufa. Lile nililolichagua mimi. Siku ishirini na moja tu!

Ijumaa, 4 Aprili. Kakuma

Nimefika saa saba mchana kwa sababu tulingoja saa tatu nzima kando ya laga, mto wa msimu, maji yapungue. Karakana ilikuwa kimya na watu wamekaa juu ya vyuma. Nje walisimama wazee wawili wa kutoka kisima kimoja cha upande wa Lokichoggio. Pampu yao haina shafti, na walikuja kuona kwa macho yao kama kweli mashine imekufa au wanadanganywa. Mmoja aliniuliza kwa Kiturkana mifugo yake inywe nini, barua zetu za kuwaomba wasubiri?

Nikalitoa jicho. Waya umepasuka nyufa nyingi ndogo, kama kisigino wakati wa kiangazi. Nikatoa begini kipande nilichokuja nacho kutoka kwenye kopo langu la dirishani, nikaviweka pamoja mezani. Cha kopo ni laini, kinapindika. Cha mashine kinavunjika. Maziwa ni yale yale, waya ni ule ule, na siku ni karibu sawa. Kwa hiyo tofauti ni mtu.

"Mzee Majak, unalisafisha na nini?"

"Kitambaa. Kama wewe nasema."

"Na hii petroli?"

"Ya jenereta. Kuwasha."

"Hujawahi kuimwagia mashine kitu kingine?"

Hapo alinyamaza kidogo. Nilikiona kile kimya, nikakishika.

"Mimi naangalia hii mashine vizuri, Injinia," akasema. "Kama mtoto yangu."

Sikumuuliza tena. Mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye fomu ya kampuni kuna mstari unaouliza chanzo cha hitilafu. Nikaandika: uzembe wa mfanyakazi, huenda husafisha kihisi kwa petroli. Nikatia sahihi. Majak alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, akanifungulia mlango nilipotoka.

Jumanne, 8 Aprili. Lodwar

Ejore amesoma ripoti asubuhi, na saa sita barua imetoka. Majak ameondolewa. Nilidhani angepewa onyo. Ejore anasema mvua hii haimpi mtu nafasi ya onyo.

Najua kambini mambo yalivyo. Ukiondolewa kwa uzembe, jina linafika kwenye mashirika mengine kabla wewe hujafika nyumbani, na hakuna atakayekuchukua tena. Najua, na bado nilitia sahihi. Ushahidi ni ushahidi.

Jioni nimeenda Kakuma kufunga jicho jipya aina ile ile ya shaba. Nimemwaga maziwa yote ya zamani, nimesugua tangi, nimechanganya mapya. Mwendesha mashine mpya ni Onésphore, kijana wa Uvira, mwepesi na msikivu.

Jumanne, 15 Aprili

Jicho: hai.

Jumanne, 22 Aprili

Jicho: hai. Ejore amenipongeza mbele ya watu. Nimejisikia vizuri, sitadanganya.

Jumanne, 29 Aprili

Jicho: hai. Onésphore amepiga simu.

"Mama Injinia, jicho iko muzima. Lakini hii maziwa, eeh! Juma tatu asubui inanuka kama kitu ya kufa. Na mikono yetu iko natoka mapele. Ya mwenzetu Santino imepasuka mupaka damu."

Nikamwambia wanawe mikono kwa sabuni na nitaleta glavu mvua ikipungua. Laga ya Tarach imejaa, hakuna gari linalovuka leo wala kesho. Dawa ya kuua wadudu wa maziwa nimeagiza Nairobi, imekwama Kitale.

Jumatatu, 5 Mei

Onésphore anasema harufu imeisha na mikono inapona. Nimemwambia hayo ndiyo matunda ya sabuni.

Jumanne, 13 Mei

Jicho: hai. Mvua usiku kucha.

Alhamisi, 22 Mei

Jicho la tano limekufa.

Ijumaa, 23 Mei. Kakuma

Nyufa ni zile zile, za kisigino. Niliushika ule waya mkononi muda mrefu, kwa sababu Majak hajaingia karakana ile tangu tarehe nane Aprili.

Nilimkuta Onésphore pembeni, mikono nyuma, amejiandaa kufukuzwa.

"Umelimwagia nini? Niambie kweli, sitaandika kitu."

Akanitazama kama anayepima kama mimi ni mtu wa kuambiwa.

"Mama, miye sikufanya mubaya. Mikono yetu ilikuwa inaoza. Nikaenda kwa muzee Majak kwake, nikamuuliza, weye ulikuwa unafanya nini juu hii maziwa isinuke? Akanipa dawa. Njo ile naweka, kila juma tatu, kikombe mbili. Na harufu ikakwisha kabisa."

"Dawa gani?"

Akainama chini ya benchi akatoa dumu la lita tano. Ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai nyepesi, yakiteleza vidoleni kama sabuni.

"Ni maji ya majivu," akasema.

Jivu la kuni za mathenge, la jikoni, limelowekwa usiku, likachujwa kwa kitambaa. Basi. Nikachovya karatasi ya kupimia ukali, ikageuka buluu nyeusi, mwisho kabisa wa kipimo. Nikachovya kwenye tangi, ikafika karibu nusu ya njia hiyo, kupita kiwango kinachotakiwa.

Nilikaa juu ya ndoo. Mama yangu hupika maharagwe makavu kwa magadi, na kama hana magadi hutumia maji ya jivu. Jioni moja maharagwe yanakuwa laini. Kinacholainisha maharagwe ya miaka miwili kitashindwaje kuula waya? Ile plastiki inastahimili mafuta, ndiyo, imeandikwa hivyo kwenye karatasi yake, na ni kweli. Kwenye karatasi hiyo hiyo, mstari wa chini, wameandika isiwekwe kwenye maji makali ya namna ya magadi. Nimeusoma mstari huo mara kumi tangu Machi. Niliuruka kwa sababu niliamini kilichomo kwenye tangi ni kile nilichokitia mimi.

Kopo langu la dirishani lilikuwa na maziwa ya Lodwar. Sikuwahi kuteka hata kijiko kutoka kwenye tangi la Kakuma.

Jumamosi, 24 Mei. Kakuma

Nimeenda kwake. Onésphore alinionyesha njia, akaniacha mlangoni. Nyumba ina ua wa miti ya mathenge, na mkewe, Nyandeng, alikuwa anapepeta mtama. Aliponiona alinijua, nadhani kwa koti la kampuni. Hakunisalimu. Aliingia ndani akamwita mumewe.

Majak alinitolea kiti, akakaa juu ya dumu. Nyandeng alituletea chai, akaweka kikombe changu mbali kidogo na mkono wangu.

"Kwa nini hukuniambia habari za jivu?" nikauliza. Hata nilipokuwa nauliza nilijua swali limekaa upande.

"Nilisema maziwa nanuka," akajibu. "Siku ya kwanza. Wewe nasema mashine hapana jiko."

"Hukusema unatia jivu."

"Jivu ni kitu gani ya kusema?" Kweli alishangaa. "Kwetu ng'ombe nalala jioni, sisi nawasha mavi, moshi nafukuza inzi. Asubuhi jivu napaka ng'ombe, napaka mwili, nasugua meno. Ni kama wewe nanawa mikono. Wewe naambia bosi, leo mimi nanawa mikono? Hii chuma pia, nalala na uchafu wake, inzi nakuja. Mikono ya watu naoza. Mimi naweka jivu. Mvua nakuja, inzi nazidi, mimi naongeza. Khalas."

"Nilipokuuliza kama umemwaga kitu kingine, ulinyamaza."

"Nilifikiri. Uso yako ilikuwa tayari imeandika."

Nyandeng alikuwa amesimama nyuma yangu, na yeye ndiye aliyelisema lililobaki, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mumewe.

"Mwezi jana alienda kuomba kazi kwa watu wa bomba la maji. Wakampa kiti, wakamwandikia jina. Halafu mmoja akaangalia kwa simu. Wakasema samahani mzee, wewe ni yule wa petroli. Miaka kumi na moja hapa, hajaibia mtu hata msumari. Sasa watoto wa jirani wanamwita Petroli."

Niliona haya. Si haya ya kukosea hesabu, hiyo naijua na inapita. Nilimwomba Majak msamaha kwa mdomo wangu, kwa jina langu, nikamwambia mimi Nakeno nilikosea na nitaandika hivyo. Alitazama chai yake.

"Andika," akasema. "Kusema ni rahisi, Injinia. Petroli pia uliandika."

Nilipoinuka nilimwomba chupa moja ya maji ya jivu. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya makopo yangu. Kwa mara ya kwanza akacheka, akaniletea mbili.

Jumapili, 25 Mei. Lodwar

Makopo mapya, na safari hii maziwa yametoka kwenye tangi la Kakuma, na jivu nimetia mara mbili ya kipimo cha Majak. Nimeyapandisha juu ya bati. Jua la Lodwar litafanya kazi ya miezi.

Jumamosi, 31 Mei

Waya wa aina ya kwanza umevunjika kwa kidole.

Jumatano, 4 Juni

Waya wa aina ya pili umepasuka. Wa tatu, ule wa sufuria, bado kama ulivyotoka kiwandani. Mwili wa chuma cha pua haujabadilika hata rangi.

Jumatatu, 9 Juni

Wa tatu mzima. Nimeagiza macho manne.

Nimekaa na Ejore saa nzima. Mwanzoni alisema nunua hilo la bei, kataza jivu, mambo yaishe. Nikamwambia dawa yetu imekwama Kitale mwezi mzima, na kila mvua itakwama. Wakati huo mikono ya watu inaoza, na mtu mwenye mikono inayooza atatia jivu hata ukiandika katazo ukutani. Afadhali tuchague jicho linaloishi kwenye tangi lililopo. Jivu tutalipima, nusu ya kipimo alichokuwa anatia Majak, ili lisile na ngozi pia. Hapo alikubali.

La kumrudisha Majak hakulikubali. "Barua ikishatoka, Nakeno, kuirudisha ni kusema kampuni ilikosea."

"Kampuni haikukosea. Nilikosea mimi. Fomu ni yangu."

"Unajua itakaa kwenye faili lako?"

"Kwani ile ya kwanza imekaa kwenye faili la nani?"

Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Nikatoa fomu mpya. Kwenye mstari wa chanzo cha hitilafu nikaandika: Mkaguzi hakuuliza kilichokuwa ndani ya tangi. Mfanyakazi hana kosa. Nikatia sahihi mbele yake, nikamwomba nakala yenye muhuri ipelekwe kwa watu wa bomba la maji na kila ofisi iliyopata ile barua.

Jumatano, 11 Juni

Nimepewa onyo la maandishi. Nafasi ya msimamizi niliyoahidiwa mwaka huu haipo tena. Nimelia kidogo chooni, kisha nikarudi kazini.

Jumatatu, 16 Juni. Kakuma

Shafti zilizosubiri ni nyingi kiasi kwamba Ejore amefungua zamu mbili. Onésphore ya mchana, na Majak, aliyerudishwa, ya asubuhi. Alifika dakika ishirini kabla ya muda, kashika ile nakala yenye muhuri ndani ya mfuko wa plastiki. Aliibandika ukutani kwa gundi, juu ya benchi, pale watu wote watakapoiona, kisha akawasha mashine akaisikiliza kwanza.

Nikafunga jicho jipya. Akanishikia taa kama zamani.

"Hii nakunywa jivu?" akauliza.

"Inakunywa."

"Tutaona," akasema. Hakuniita Injinia, wala mimi sikungoja aniite.

Alhamisi, 26 Juni

Jicho: hai. Mvua zimekwisha, naona.

Jumatatu, 7 Julai. Kakuma

Jicho: siku ishirini na moja, hai. Hapa ndipo la nne lilipofia. Nimeupindapinda waya mbele ya kila mtu na ni laini. Wale wazee wa kisima wamepata shafti yao na wametuletea mbuzi, ambaye Onésphore amekwisha kumpa jina, sijui tutamlaje.

Nilipokuwa nafunga begi, Majak alikuja na makopo mawili ya jivu, akayaweka mbele yangu.

"Hii ya mathenge, hii ya mgunga. Kuni ya mathenge naisha, Nyandeng sasa napika na mgunga. Maji yake nateleza zaidi, mimi naona ni kali. Hujauliza. Mimi nasema leo, kabla."

Nikafungua begi tena, nikatoa daftari, nikamwomba aanze upya, polepole.